Kumkanda kichanga mwenye msokoto wa tumbo: bibi, mtaalamu wa mgongo, au kusubiri?

#1 WifiWaBuhongwa
Wadau, habari za jioni. Mwanangu ana wiki sita, ananyonya vizuri, uzito unapanda, kadi ya kliniki haina tatizo. Ikifika saa kumi na mbili jioni anaanza: uso unaiva, ngumi kakunja, magoti kayavuta tumboni, hanyamazi mpaka saa nne au saa tano usiku. Hospitali wamempima wakasema ni mzima, ni msokoto wa tumbo, utaisha wenyewe.

Nyumbani tuna kambi tatu. Mama mkwe katoka Magu na samli yake, anasema mtoto anataka kukandwa tu kila jioni. Mwenzangu kazini alimpeleka wake kwa mtu anayejiita mtaalamu wa mgongo wa watoto; anapitisha vidole shingoni na kwenye fuvu, elfu sabini kwa kikao, na anataka vikao sita. Mume wangu anasema tusubiri.

Msimamo wangu ni huu: mkono wa bibi unatosha, na hizi tiba za kulipia ni kitu kilekile kimehamishiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Anayebisha aje na sababu.

#2 Ngosha_Igoma
Naweka kambi hapa. Mimi nipo upande wa shemeji, subirini. Wa kwangu alilia mpaka akaacha, na hakukandwa na mtu.

#3 Mama_Kulwa
Ngosha, unasema hakukandwa na mtu kwa sababu saa hizo ulikuwa kibandani unaangalia mpira. Kamuulize mama yake.

Wifi, pole. Mimi nina mapacha, Kulwa na Doto. Kwa Kulwa kila jioni ilikuwa vita, Doto kalala pembeni hana habari. Maziwa yaleyale, mboga niliyokula ileile, bibi yuleyule na mafuta yaleyale. Ndiyo maana mtu akiniambia "acha maharage, acha dagaa, mtoto atanyamaza" namuuliza Doto alikuwa ananyonya kwa nani.

Nilichokiona kwa macho yangu ni hiki. Kulwa ukimgusa tumbo wakati kilio kimekolea, anazidi. Ukimshika unyayo ukapitisha dole gumba kutoka kisigino kwenda vidoleni, taratibu, tena na tena, vidole vya miguu vinaanza kufunguka, halafu ngumi zinafunguka, halafu anavuta ile pumzi ndefu ya kukatikakatika. Hapo ndipo bibi alikuwa anahamia tumboni, siyo kabla. Kwa hiyo nakubaliana na wewe juu ya bibi, ila bibi anayemsoma mtoto.

#4 TangaHadiZiwani
Mama Kulwa umenena. Mimi mzaliwa wa Tanga, Mwanza nimeletwa na ajira. Kwetu mtoto anaanza kukandwa kitovu kikishaanguka na kukauka. Bibi anakaa mkekani kanyoosha miguu, mtoto kalazwa juu ya mapaja. Mafuta ya nazi yamepashwa moto kidogo, na kabla hayajamgusa mtoto bibi anajipaka mwenyewe kwenye kifundo cha mkono aone joto lake. Anaanza mgongoni, anashuka miguuni, kisha anamgeuza: mkono wa kulia unavukishwa kifuani kukutana na mguu wa kushoto, halafu upande wa pili. Ikitoka hapo ni maji ya vuguvugu, kanga, ziwa, usingizi.

Bibi zangu wanasema kinachomliza mtoto ni chango, na kukandwa kunalilaza. Sikubaliani na mleta mada kwamba mkono wa bibi yeyote unatosha. Mtoto akitoka mikononi analia kuliko alivyoingia, huyo bibi apewe mjukuu wa kupakata tu, kukanda wampishe mwingine.

#5 NesiWaZamu
Salamu wote. Nipo wodi ya watoto hapa mjini, acha niweke mambo mawili kabla uzi haujaenda mbali.

La kwanza, Wifi, wiki sita ndiyo kileleni. Daktari wa Marekani T. Berry Brazelton mwaka 1962 aliwapa akina mama 80 daftari za kuandika vilio vya watoto wao kila siku. Akaona kilio kinapanda, kinafika juu kabisa karibu na wiki ya 6, kisha kinateremka, na sehemu kubwa kinaangukia jioni. Kipimo cha msokoto chenyewe kiliwekwa na Morris Wessel mwaka 1954: mtoto mzima anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3.

La pili ndilo linalonifanya niandike. Kabla mtu hajashika mafuta, hakikisha ni msokoto kweli. Kichanga wa chini ya miezi mitatu akiwa na joto la 38 au zaidi, huyo ni wa hospitali usiku huohuo, na huku kwetu ziwani malaria haijatuaga. Akitapika rangi ya kijani, akitoa damu kwenye choo, akikataa ziwa, utosi ukivimba au ukibonyea, akilegea, msikae mnabishana habari ya bibi na mtaalamu. Na mvue nguo zote umtazame. Tazama kinena kama kuna uvimbe wa ngiri ulioganda. Tazama vidole vya mikono na miguu kimoja kimoja, maana unywele wa mama ukijizungusha kwenye kidole unakata damu, na mtoto atalia usiku kucha mkisema ni tumbo.

#6 Ngosha_Igoma
Hilo la unywele sikuwahi kulisikia. Nimeamka kwenda kumkagua wa kwangu, na ana mwaka sasa.

#7 Fundi_Viungo
Nesi, ahsante. Nirekebishe kidogo: vigezo vya Wessel vinatajwa sana, ila tangu 2016 madaktari wa matumbo ya watoto wameacha kuhesabu saa na wiki kwa ukali ule hospitalini. Sasa inatosha mtoto awe chini ya miezi mitano, awe na vipindi virefu vya kulia visivyo na sababu ya wazi, wazazi wamejaribu wameshindwa, na asiwe na homa wala kudumaa. Mama asiambiwe "rudi wiki tatu zikitimia".

Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, kwa hiyo nijibu swali la mtaalamu wa mgongo. Hizi tiba si kitu kimoja. Kairopraktiki ilianzishwa na D.D. Palmer huko Iowa, Marekani, mwaka 1895. Wao wanaona chanzo kwenye pingili za uti wa mgongo. Osteopathia ni ya Andrew Taylor Still wa Missouri, aliyeanza kuitangaza mwaka 1874. Mwanafunzi wa shule yake, William Garner Sutherland, ndiye aliyehamia kwenye fuvu, akisema mifupa ya kichwa ina mwendo mdogo unaoweza kusikika kwa vidole. Baadaye John Upledger akaipanua kuwa tiba ya fuvu na uti wa mgongo. Wanaogusa watoto kwa njia hizi wengi wao wanagusa kwa wepesi sana, uzito wa kidole tu. Lakini maelezo yao ya nini kinaumwa yanapishana: mmoja anasema shingo ilibanwa wakati wa kuzaliwa, mwingine anasema fuvu, mwingine anasema mshipa wa fahamu unaoshuka tumboni umekerwa.

Sasa majaribio. Norwei mwaka 2001 walichukua vichanga 86 wenye msokoto. Kundi moja lilitibiwa na kairopraktiki, kundi la pili likawa linapakatwa tu na nesi kwa dakika 10. Wazazi hawakuambiwa mtoto wao yuko kundi gani. Zaidi ya nusu walipata nafuu katika makundi yote mawili, na tofauti kati yao haikuwa ya maana.

#8 Mama_Ilemela
Fundi nakuheshimu, ila mimi ndiye niliyempeleka wangu kwa mtu wa namna hiyo, nikalipa. Alimshika kisogo na kiuno, mtoto akalegea mikononi mwake kwa namna ambayo sikuwahi kuiona nyumbani. Usiku ule alilala. Mniambie nilichokiona hakikuwepo?

#9 Fundi_Viungo
Ulikiona, dada, na sikukatalii. Wapo wanaokuunga mkono: mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walikusanya majaribio sita ya tiba za mikono, vichanga 325 kwa jumla, na kwa wastani kilio kilipungua kwa saa moja na dakika 12 hivi kwa siku. Si kidogo kwa nyumba iliyokesha. Tatizo ni kwamba daftari la kilio anajaza mzazi, na mzazi aliyelipa na kusafiri anajua mtoto katibiwa. Walipobakiza majaribio ambayo mzazi hakujua, ile nafuu haikusimama tena imara.

Swali langu kwako moja tu: mtoto alikuwa na wiki ngapi?

#10 Mama_Ilemela
Ya saba kwenda ya nane. Najua unakoelekea, kwamba alikuwa anashuka mwenyewe. Sawa. Ila mtu aliyezama hamwambii anayemshika mkono kwamba maji yangepungua kesho.

#11 WifiWaBuhongwa
Mama Ilemela hilo la mwisho limenigusa. Endeleeni, nasoma huku nimempakata.

#12 Mzee_wa_Mwaloni
Wanangu, shikamooni zenu nimezipokea hata kama hamkuziandika. Mimi nimelea watoto na sasa nalea wajukuu hapa Kirumba. Mnazunguka sana. Hili ni chango. Chango lilikuwepo kabla ya hao Wamarekani wenu. Mtoto anakandwa kwa samli ya ng'ombe, anapewa dawa kidogo ya mizizi ulimini, anatulia. Mama wa siku hizi anaogopa mizizi lakini haogopi kumlipa mtu elfu sabini amshike mwanawe shingo.

#13 NesiWaZamu
Shikamoo, mzee. Kukanda niko pamoja na wewe kabisa. Mizizi ndiyo naomba tuachane nayo, na maji, na asali pia. Mtoto wa wiki sita tumbo lake ni la maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Asali kabla ya mwaka mmoja inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Mizizi hatujui kiwango, na ini na figo za kichanga haziwezi kuichuja.

Na samli ipakwe kwenye ngozi tu. Nimeona bibi wakimtia mtoto tone puani "kufungua kifua". Mafuta yakishuka kwenye mapafu ni nimonia mbaya.

#14 BintiUkerewe
Nesi umenikumbusha. Kisiwani kwetu mtoto akilia sana kuna mtu atasema ana meno ya plastiki. Jirani yangu alishashawishiwa, wakamng'oa mtoto kwa spoku ya baiskeli. Alitokwa na damu mpaka wakamkimbiza bandarini Nansio. Alipona, lakini chonge za juu hazikuota sawasawa. Je, hii nayo inaingia kwenye "tiba za mikono"?

#15 NesiWaZamu
Haiingii popote, ni kumjeruhi mtoto. Kile cheupe wanachokiita plastiki ni chipukizi la chonge likiwa bado ndani ya fizi, kila mtoto analo. Ukiling'oa umeharibu jino, wakati mwingine hata la ukubwani linaloota baadaye. Kukata kimeo nako ni hivyohivyo. Anayesoma hapa na anashinikizwa na ukoo, mbebe mtoto uje naye kliniki, tutasema na ukoo.

#16 TangaHadiZiwani
Kimeo kule pwani pia kipo, tusiwasakame Wakerewe peke yao.

#17 Kashai_Asili
Natokea Bukoba. Niongeze la selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, maana ukanda huu wa ziwa tunalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka mikoa yetu ulionyesha karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba chake, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Mtoto wa dada yangu alikuwa analia, bibi anamkanda mikono na miguu kwa nguvu akidhani ni viungo vimeshikana. Kumbe viganja na nyayo zimevimba kwa maumivu.

#18 NesiWaZamu
Kashai, hoja kubwa. Wa Wifi bado mdogo kwa hilo, miezi ya mwanzo mtoto analindwa na ile damu aliyozaliwa nayo, dalili huja kuelekea nusu mwaka. Lakini ndiyo sababu nasema mtoto aliyepita miezi minne au mitano na bado analia vile, msiendelee kuita msokoto. Na kiungo kilichovimba hakikandwi.

#19 WifiWaBuhongwa
Nashukuru. Nimemvua nimemkagua vidole na kinena, yuko salama. Sasa Fundi, kama kukanda hakuna ubaya, tuelekeze namna. Mama mkwe yuko hapa pembeni, anasema "andika na mimi nisikie".

#20 Fundi_Viungo
Msalimie mama kwa Kisukuma, mwambie mwadila. Muda kwanza: usikande akitoka kunyonya, subiri kama nusu saa au zaidi, na usisubiri kilio kikolee. Kama anaanza saa kumi na mbili, wewe anza saa kumi na moja. Chumba kisiwe na upepo, pete na bangili zitoke, kucha ziwe fupi, mikono isuguliwe ipate joto.

Tumboni unafuata njia ya utumbo mpana, maana kama kuna hewa ndiko inakotokea. Inaanza chini upande wa kulia wa mtoto, inapanda, inavuka juu ya kitovu, inashuka upande wake wa kushoto. Kwa hiyo anza na ubavu wa kushoto peke yake, kutoka chini ya mbavu kwenda nyongani, vidole vimelala bapa. Rudia mpaka uone ngozi imelainika. Kisha vuka kutoka kulia kwenda kushoto na kushuka. Mwisho zunguka njia nzima, ukielekea upande mshale wa saa unakokwenda. Uzito wa mkono ni ule ambao ukiufanya kwenye kope lako lililofumbwa haukuumizi.

Ukimaliza, shika vifundo vya miguu, sukuma magoti yote mawili taratibu kuelekea tumboni, hesabu mpaka tano, achia. Akijamba mshukuru Mungu. Baada ya hapo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, shavu lake karibu na kiwiko, kiganja chako kikishika paja, utembee naye. Hiyo ni akiwa macho mikononi mwako tu. Kitandani analala chali siku zote.

Akigeuza uso, akikunja kipaji, akipata kwikwi, akinyoosha vidole vyote kwa mshtuko, anasema basi. Acha. Na shingo haisokotwi, mgongo haugongwi, mtoto hashikwi miguu akaning'inizwa kichwa chini. Mtu yeyote, awe na cheti awe hana, akitaka kuzungusha shingo ya kichanga mpaka ilie, chukua mwanao uondoke. Australia mwaka 2019 bodi yao ya kairopraktiki iliwazuia watu wake kugeuza uti wa mgongo wa watoto wa chini ya miaka 2.

#21 Mama_Kulwa
Fundi, miguu umeipita haraka mno. Kwa Kulwa miguu ndiyo ilikuwa mlango. Wifi, anza na miguu.

#22 TangaHadiZiwani
Na mafuta? Maana hapa kuna samli, nazi, alizeti, na wengine wanapaka ya kukaangia yoyote iliyopo jikoni.

#23 NesiWaZamu
Safi, isiyo na manukato, na kidogo. Alizeti imefanyiwa majaribio Bangladesh kwa njiti waliolazwa, waliopakwa walipata maambukizi machache ya damu, majibu yalitoka 2005. Halafu Uingereza wakaja kuona kwamba alizeti na zeituni kwa vichanga waliozaliwa miezi ikiwa imetimia zinavuruga kidogo tabaka la juu la ngozi. Kwa hiyo sina mafuta ninayoyaapia. Ukiona vipele, acha.

#24 Kashai_Asili
Mnazungumzia mikono, mmesahau mgongo. Mbeleko! Mama zetu walikuwa wanakwenda shambani na mtoto mgongoni, jioni wanapika naye mgongoni, saa ya kulia inapita mtoto kasinzia. Kuna utafiti wa Montreal, Kanada, mwaka 1986: akina mama waliombwa wawabebe watoto wao zaidi hata kama hawalii. Walipofika wiki sita kilio kilikuwa kimepungua kwa asilimia 43. Tunalipa elfu sabini kununua kitu ambacho kanga inakifanya.

#25 Fundi_Viungo
Utafiti huo upo na ni mzuri, ila wale walikuwa watoto wa kawaida, si wenye msokoto. Ronald Barr huyohuyo aliyeshiriki alikuja kujaribu kwa wenye msokoto mwaka 1991, kubebwa zaidi hakukupunguza kilio chao. Beba kwa sababu ni vizuri kubeba. Kama dawa ya msokoto, bado.

#26 Mama_Ilemela
Kwa hiyo Fundi kwako hakuna kinachofanya kazi? Tiba ya mgongo hapana, mbeleko hapana, utasema na kukanda hapana.

#27 Fundi_Viungo
Hapana, dada. Ninakanda watoto, na ningemkanda wangu. Ninachokataa ni mtu kuuza uhakika. Mkono wenye utulivu unamtuliza mtoto kwa wakati ule, na unamtuliza anayekanda. Hilo mimi linanitosha kulifanya kila jioni. Kusema umerekebisha pingili au fuvu ni habari nyingine, na ndiyo inayolipiwa.

#28 Mwalimu_Nyakato
Naingia na jambo jingine. Mimi naumwa kipandauso tangu shule, na wanangu wote walilia hivi. Nikasoma kwamba watafiti wa California mwaka 2012 walikuta mama mwenye kipandauso ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata mtoto mwenye msokoto. Labda si tumbo kabisa. Labda ni kichwa, mtoto hawezi kusema tu, na jioni baada ya kelele na mwanga wa siku nzima kinafumuka. Mimi nilichokuwa nafanya ni kuzima taa, kuzima redio, na kumwekea kiganja juu ya paji la uso bila kusugua. Kukandwa kulikuwa kunamzidishia.

#29 Mama_Kulwa
Mwalimu, hii inanifikirisha sana. Mimi sina kipandauso ila baba yao anacho.

#30 Dukani_Pasiansi
Mbona hakuna aliyetaja gripe water? Nauza duka la dawa, ndiyo inayoongoza kununuliwa na akina baba saa mbili usiku. Ilitengenezwa na mfamasia William Woodward wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, haiwezi kudumu miaka yote hiyo kama haifanyi kazi.

#31 NesiWaZamu
Ilidumu kwa sababu ya zamani ilikuwa na pombe, mkuu. Uingereza waliiondoa miaka ya 1990. Ya sasa ina viungo vya mimea, na kwa mtoto anayenyonya tu siipendekezi. Dawa za kuvunja gesi nazo zimeshindanishwa na maji matamu yasiyo na dawa, zikatoka sare.

Kinachozungumzwa sasa ni bakteria wa tumbo. Turin, Italia, mwaka 2007 matone ya probiotiki aina ya reuteri yalipunguza kilio sana. Melbourne mwaka 2014 wakajaribu wakakosa. Baadaye walipojumlisha, ikaonekana yanasaidia wanaonyonya maziwa ya mama, wa chupa hayakusaidia. Muulizeni daktari, msinunue kwa jina la kusikia.

#32 Ngosha_Igoma
Basi na mimi niseme la maana. Mwezi ule wa kilio usiku mmoja nilimshika mtoto nikaona mikono yangu inakaza. Nikamweka chali kitandani, nikafunga mlango, nikasimama uani. Mke wangu alidhani nimekimbia. Akina baba, ukifika hapo mweke chini utoke. Usimtikise hata kidogo. Kulia peke yake dakika kadhaa hakumdhuru, kumtikisa kunaua ubongo.

#33 NesiWaZamu
Ngosha, hii ichukuliwe na kila nyumba. Watoto wanaotikiswa wengi wanatikiswa katika umri huuhuu wa kilio.

#34 Mama_Kulwa
Leo Ngosha umepanda cheo. Nitakupikia michembe.

#35 Ngosha_Igoma
Weka na karanga. Nakuja na familia nzima, na mama mkwe wangu wa Sengerema maana siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limemfanya awe mgeni wa kila wiki.

#36 Mgeni_Igogo
Samahani kwa kuingilia. Wangu ni njiti, alizaliwa na kilo 1.6, tumeruhusiwa juzi. Naye analia jioni. Naweza kumkanda kama Fundi alivyoelekeza?

#37 NesiWaZamu
Hongera kwa kufika nyumbani. Bado usimkande tumbo. Endelea na kangaruu uliyofundishwa wodini: mtoto kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, kofia na soksi, kanga imewafunga, mchana na usiku. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2021 yalitoka majibu ya nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya njiti kwa asilimia 25. Baba naye anaweza.

#38 Fundi_Viungo
Naongezea, si kupinga. Tiffany Field wa Miami mwaka 1986 aliwakanda njiti waliokwisha tengemaa, mara tatu kwa siku, wakaongeza uzito kwa asilimia 47 kuliko wasiokandwa. Lakini ilikuwa hospitalini, kwa mikono iliyofundishwa, na kwa kukandamiza kiasi, maana mguso mwepesi mno unawakera njiti. Siku ya kliniki waombe wakuonyeshe kwa mikono, usijifunzie hapa.

#39 Mzee_wa_Mwaloni
Nimesoma yote. Norwei wamepima watoto wa Norwei, Montreal wamepima wa Montreal. Wa Magu na Kirumba wanaolala na mama zao, wananyonya usiku kucha, wanabebwa mchana, nani kawapima? Mimi bado nasema chango.

#40 Fundi_Viungo
Mzee, hoja yako ina uzito. Walio karibu zaidi na sisi waliopimwa ni Wasani, jamii ya wawindaji wa Botswana, huyo Barr alichapisha mwaka 1991. Watoto wao wanabebwa karibu siku nzima na wananyonya kila wanapotaka. Walilia mara nyingi sawa na wengine, na kilele kilikuwa miezi ileile ya mwanzo. Tofauti ni kwamba kila kilio kilikuwa kifupi.

#41 Mzee_wa_Mwaloni
Kifupi, umesema. Basi mimi nimeridhika na hicho kifupi.

#42 Mama_Ilemela
Na mimi nimelipa elfu sabini kupata hicho kifupi, mzee. Wifi, ukiamua kumpeleka niandikie pembeni, nitakusindikiza, na huyo mtu akigusa shingo kwa nguvu tunatoka wote. Usipompeleka, Makoroboi kuna mama anauza mbeleko za kitenge kizito zinazofungwa mbele. Ulizia anayekaa karibu na wauza vitenge, usikubali bei ya kwanza.